Mlango wa Nakshi Hautoshi: Kusanifu Shule ya Msingi Kisiwani Lamu

Anayeagiza shule ya msingi yenye sura ya Lamu mara nyingi huanza na picha: mlango wa nakshi langoni, matao mawili matatu, kuta nyeupe, pengine na paa la makuti. Ramani ya madarasa huachwa ile ile inayojengwa Nakuru au Machakos. Jengo likiisha hupendeza, lakini ifikapo saa tano asubuhi mwezi wa Machi watoto arobaini wamelowa jasho, mwalimu anashindana na mwangwi wa sauti yake mwenyewe, na baada ya masika mawili plasta inaanza kuanguka kwa mapande.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Msanifu wa shule ana mengi ya kujifunza humo, na mengi yake hayaonekani kwenye picha: nyumba imeelekezwa wapi, chumba kina upana gani na kwa nini, mgeni husimama wapi kabla ya kuingia, maji ya mvua huenda wapi. Hayo ndiyo tunayoyafafanua hapa, kwa mfano wa shule ya madarasa 6, Gredi 1 hadi 6, wanafunzi 40 kila darasa, jumla 240. Vipimo vinaweza kubadilika kulingana na kiwanja, ila sababu zake ni zile zile Lamu, Shela, Matondoni au Pate.

Kibla, jua na pepo mbili

Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, na Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka hapa, mwelekeo ukipinda digrii mbili hivi tu kuelekea magharibi. Nyumba nyingi za kale za mawe zimepangwa kwa kufuata mwelekeo huo. Jambo la kushukuru ni kwamba kwa latitudo hii mwelekeo wa kibla ndio pia mwelekeo unaofaa kwa jua na kwa upepo, kwa hiyo msanifu halazimiki kuchagua.

Tuanze na jua. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni jua liko upande wa kaskazini, kimo cha digrii 64 hivi. Mwishoni mwa Disemba liko kusini, digrii 69 hivi. Kwa kimo cha Juni, upenu unaochomoza mita 1.2 hutia kivuli cha karibu mita 2.5 chini yake ukutani, yaani dirisha zima. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauwezi kuokolewa hivyo, maana jua la saa mbili asubuhi au saa kumi jioni huja chini na kupita chini ya upenu wowote. Kwa hiyo darasa lilazwe kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini tu, na kuta mbili za mwisho zisitobolewe. Bado mwezi wa Juni jua la asubuhi hupenya ubavuni upande wa kaskazini. Mbavu za ukuta zinazochomoza sm 40 kati ya dirisha na dirisha zinatosha kulizuia.

Upepo nao. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini na kusini-mashariki, Aprili hadi Oktoba. Madirisha ya kaskazini na kusini hupokea pepo zote mbili, moja likiingiza na la pili likitoa. Taabu huja msimu wa tanga mbili, upepo unapogeuka na hewa kusimama. Hapo panahitajika matundu ya juu, chini kidogo ya dari, ili hewa moto ipate pa kutokea bila kusukumwa. Safu ya matundu yenye kimo cha sm 25 pande zote mbili za darasa inafaa.

Kosa la kawaida ni kuweka kizingiti cha chini cha dirisha kwenye mita 1.2 ili watoto wasichungulie nje. Mtoto aliyeketi kichwa chake kiko chini ya kimo hicho, kwa hiyo upepo wote unapita juu yake. Kizingiti kiwe sm 70. Eneo la madirisha lifikie sehemu moja kwa tano ya sakafu: darasa la mita 7.5 kwa 6 lina mita za mraba 45, basi madirisha yawe mita za mraba 9. Vioo havihitajiki. Mabawa ya mbao yenye vibao vya kulaza huruhusu hewa, huzuia mvua na hupunguza mng'ao wa mchanga mweupe. Nondo zisiwekwe dirishani, kwa sababu mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha yasiyo na vyuma na yanayofunguka kwa urahisi.

Nyumba ya mawe si darasa

Hapa ndipo wengi huteleza, na tunaomba msomaji atulie kidogo.

Nyumba ya kale ya Lamu ina vyumba virefu na vyembamba vilivyofuatana sambamba: ua wa ndani uitwao kiwanda, kisha msana (ukumbi mrefu), kisha ndani (chumba cha ndani kabisa). Upana wa kila kimoja hukaribia mita 2.5 hadi 3. Kipimo hicho kimetokana na boriti. Mti wa mkoko au muia unaofaa kubeba paa zito hupatikana kwa kipenyo cha sm 11 hadi 14 hivi, na ukishaulaza sm 20 ndani ya kila ukuta, nafasi salama inayobaki ni takriban mita 2.5. Mti wa bandari hii, kwa maneno mengine, ndio uliopanga upana wa chumba.

Darasa la Kenya ni jambo jingine. Mwongozo wa Wizara unataka mita 7.5 kwa 6 kwa wanafunzi 40 wanaoketi wawili wawili. Upana wa mita 6 hauvukiki kwa boriti. Wapo wanaomimina dari ya zege kisha wakagongomea chini yake boriti bandia kwa mapambo. Hizo hazibebi kitu, na nyuma yake ni maficho ya mchwa na popo. Wapo pia wanaotaka kujenga paa tambarare la kale lenyewe, la mawe na chokaa juu ya boriti. Tupige hesabu: unene wa sm 30 juu ya mita za mraba 45 ni mita za ujazo 13.5, na kwa uzani wa kilo 1,800 kila mita ya ujazo, hizo ni tani 24 juu ya vichwa vya watoto. Nyumba ya kale hubeba mzigo huo kwa sababu ukuta mnene upo kila mita 2.5. Darasa halina ukuta huo katikati, na hatuoni sababu ya kuulazimisha.

Njia tunayoiamini ni kuipa boriti kazi inayoiweza, yaani msana. Panga madarasa katika mabawa mawili, matatu kila bawa, na kila bawa liwe na msana wa upana wa mita 2.4 upande wa kusini. Msana huo ni baraza ndefu yenye kivuli: ndiyo njia ya kupita, ndiyo darasa la nje, na ndiyo kinga ya madirisha dhidi ya mvua ya masika inayosukumwa na kusi. Boriti zilazwe kwa mteremko kutoka ukuta wa darasa, kimo cha karibu mita 2.95, hadi nguzo za nje, kimo cha mita 2.3. Zikiachana sm 60, bawa la urefu wa mita 24.5 linahitaji 42, na shule nzima 84. Boriti hazinyooki zote. Upande uliobinuka ukae juu, na pau za kubebea bati zisawazishwe kwa vipande vya mbao vilivyochongwa, la sivyo bati litakaa mawimbi na maji yatatuama. Ncha inayoingia ukutani isizungushiwe saruji: iachiwe nafasi ya sm 2 ipate hewa, kwa kuwa boriti huoza pale palipoficha unyevu.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Kaunti ya Lamu, na ukataji wake unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu. Daini karatasi hiyo kabla mzigo haujapakuliwa gatini. Na unapoagiza, taja daraja kwa jina lake. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo ni vipimo tofauti, na mazio yaliyouzwa kwa bei ya boriti hupinda kabla ya mwaka kwisha.

Ukuta na chokaa

Ukuta wa kale huwa na unene wa sm 45 au zaidi. Unene huo huchelewesha joto, jambo linalomfaa anayekaa nyumbani mchana. Lakini tofauti ya joto la usiku na mchana Lamu ni ndogo, na darasa lina miili arobaini inayotoa joto kuanzia saa mbili asubuhi. Kinachompoza mtoto hasa ni upepo. Kwa hiyo usinunue unene usio na kazi: kuta za mashariki na magharibi zinazopigwa na jua, na zile za kutenga darasa na darasa, ziwe sm 45. Kuta za kaskazini na kusini, zenye madirisha, ziwe sm 25 za mawe ya kuchonga.

Mawe yatoke kwenye machimbo ya nchi kavu, kama ya Maweni kisiwani Manda. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe. Zamani yalichongwa kwa nakshi za ndani kwa kuwa ni laini yakiwa mabichi, lakini mwamba huo ndio unaozuia mawimbi yasile pwani na ndio unaowapa samaki maskani.

Kwa kuunga na kupaka, tumia chokaa. Saruji juu ya jiwe la matumbawe huharibu kwa njia inayojulikana vizuri. Jiwe hilo lina vitundu na hufyonza unyevu wenye chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi inakauka nyuma ya plasta, inavimba, na plasta inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Fundi akiitwa hupaka saruji nene zaidi, na mwaka unaofuata kipande kinachoanguka ni kikubwa zaidi.

Chokaa hutaka muda, na muda huo lazima uandikwe kwenye ratiba. Ichomwe, izimwe kwa maji, ichujwe, kisha ilazwe shimoni chini ya maji kwa wiki 4 kwa uchache. Miezi 3 ni bora. Punje ambayo haikuzimika vizuri huendelea kuvimba ukutani na kutoboa plasta mashimo madogo. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo 1 cha chokaa kwa 3 za mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usitumike bila kuoshwa kwa maji matamu yasiyo na chumvi, na kwenye zege yenye nondo usitumike kabisa. Weka mchanga kwenye chupa ya maji, utikise, uuache utuame: tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo chote, urudishe. Plasta ipakwe mikono miwili, wa kwanza sm 1 hadi 1.5, wa mwisho milimita 3 hadi 5, na ukuta unyunyiziwe maji na ufunikwe majamvi kwa siku 7. Chokaa iliyokaushwa na jua kali la kaskazi hutoka unga, na unga huo utakuwa kwenye sare za watoto kila siku. Wafanyakazi wavae miwani na glavu, na shimo la chokaa lizungushiwe ua, maana chokaa mbichi hupofusha.

Pale penye zege, kama msingi, mkanda wa juu ya madirisha na nguzo, nondo zifunikwe sm 5 za zege kila upande. Hewa ya bahari huifikia nondo iliyofunikwa sm 2 au 3 mapema sana, nayo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Zidaka zenye kazi

Katika chumba cha ndani cha nyumba ya kale ukuta wa mwisho hujazwa zidaka (vishubaka ndani ya ukuta), safu kwa safu, za kuwekea vyombo. Shule nyingi zinazotaka sura ya Lamu huiga zidaka kwa ukungu wa saruji, zenye kina cha sm 5, zisizoweza kubeba hata daftari. Ni hasara, kwa sababu darasa la watoto 40 linahitaji pa kuweka vitu kuliko kitu kingine chochote.

Darasa lina madawati 20. Basi ukuta wa nyuma, wenye mita 6, upewe zidaka 20, kimoja kwa kila dawati: safu 2 za zidaka 10, kila kimoja na upana wa sm 36, kimo cha sm 32 na kina cha sm 20, kati yake nguzo ya ukuta ya sm 22. Safu ya chini ianze sm 50 kutoka sakafuni na ya juu mita 1, na mtoto wa Gredi 1 atazifikia zote bila kupanda kitu. Ukuta ni sm 45, kwa hiyo nyuma ya kidaka hubaki sm 25. Usiweke zidaka pande mbili za ukuta mmoja zikitazamana, maana zitabaki sm 5 katikati na sauti ya darasa la pili itasikika kama hakuna ukuta. Juu ya kila kidaka lazwa jiwe bapa moja linalokalia nguzo zote mbili. Pembe zifanywe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ya chokaa haidumu muhula mmoja mbele ya watoto.

Ubao wa kuandikia uwe ukuta wa mita 6 unaoelekeana na zidaka, ili mwanga uje ubavuni kutoka kaskazini na kusini na pasiwe na mtoto anayetazama dirisha nyuma ya mwalimu. Zidaka husaidia pia sauti: ukuta wenye mashimo huvunja mwangwi ambao ukuta laini wa chokaa huurudisha mzimamzima.

Kutoka njiani hadi ndani

Nyumba ya Lamu haimwingizi mgeni moja kwa moja. Kuna daka, kijisebule kilichorudi nyuma ya njia chenye viti vya mawe pande mbili, kisha tekani, kipenyo kinachokunja kona ili anayepita njiani asione ndani, kisha kiwanda, kisha msana, kisha ndani kwenyewe. Mpangilio huu wa heshima ndio mpangilio bora wa usalama wa watoto tunaoujua.

Langoni pawe na daka la kina cha mita 2, na baraza pande zote za kimo cha sm 42. Hapo mama na nyanya wanaokuja kuwachukua watoto hupata kivuli, na mzee aliyeleta ujumbe hupata pa kuketi bila kuingia shuleni. Tekani ifuate, na ofisi ya mwalimu mkuu iwe papo hapo na dirisha linaloona daka na kiwanda pamoja. Mlango wa nakshi, kama wafadhili wanautaka, mahali pake ni hapa langoni, uchongwe na mafundi wa Lamu wenyewe, na uachwe wazi saa zote za masomo. Usiuweke darasani. Mlango wa kale hufunguka kwa ndani, una kizingiti kirefu cha kuvukwa, na bawa moja mara nyingi hufungwa kwa komeo. Mwongozo wa Wizara unataka mlango wa darasa ufunguke kwa nje, na kizingiti humzuia mtoto wa kiti cha magurudumu. Darasa lipewe mlango wa mabawa mawili, kila moja sm 60, bila kizingiti, unaofunguka kwa nje na kulazwa ukutani kwa ndoano usizibe msana.

Sakafu iinuliwe sm 45 kwa ajili ya mafuriko ya masika. Ngazi pekee haitoshi. Njia ya mteremko ya kupanda sm 1 kwa kila sm 12 itahitaji urefu wa mita 5.4, nayo ipangwe tangu mwanzo, kwa sababu ikikumbukwa mwishoni hukosa nafasi na kujengwa kali isiyopandika.

Baraza za watoto zijengwe kati ya nguzo za nje za msana, kina sm 40. Kimo sm 30 kwa Gredi 1 hadi 3, na sm 36 kwa wakubwa. Mtoto mmoja huhitaji sm 40, kwa hiyo darasa zima huketi kwenye mita 16, na msana wa mita 24 unazo hata baada ya kuacha mapengo ya kupitia. Zikijengwa chini ya madirisha zitakuwa ngazi ya kupandia dirishani.

Kiwanda kati ya mabawa mawili kisibanwe. Ua mwembamba wa nyumbani hufaa kwa kivuli, lakini bawa la kusini likiwa karibu mno litalinyima la kaskazini upepo wa kusi. Acha umbali wa mara tatu ya kimo cha jengo, mita 10.5 kwa jengo la mita 3.5, na ulisogeze bawa moja mashariki kidogo kuliko jingine. Panda mwarobaini au mkungu mita 5 au 6 kutoka ukutani. Mnazi usipandwe pale watoto wanapocheza.

Maji na vyoo

Maji matamu ya kisiwa cha Lamu yamo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakielea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake, na kinyume chake ni kweli: ukivuta kisima kikashuka mita moja, chumvi hupanda takriban mita 40. Shule isitegemee kisima.

Visiwa hivi vina mbinu yake, jabia, tangi la kukinga mvua. Paa la shule yetu, pamoja na misana na penu, ni mita za mraba 540 hivi. Kwa mvua ya takriban milimita 900 kwa mwaka, na kupoteza sehemu moja kwa tano, paa hutoa lita 389,000. Watoto 240 kwa lita 5 kila mmoja hutumia lita 1,200 kwa siku, na kwa siku 190 za masomo lita 228,000. Kwa hiyo mvua inatosha, na kinachoamua ni akiba ya muhula wa kwanza, Januari hadi mwisho wa Machi, kabla masika hayajashuka. Siku 65 za masomo ni lita 78,000. Jabia ya mita 8 kwa 5, kina mita 2, hubeba 80,000. Ichimbwe nusu tu, sakafu yake ikae juu ya maji ya ardhini, kwa sababu tangi tupu likizungukwa na maji husukumwa juu na kupasuka. Lita 270 za kwanza za kila mvua zimwagwe, ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kifuniko kizibwe kabisa. Kwenye birika ndogo za kunawia, desturi ya kale ya kufuga visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu bado inafanya kazi.

Vyoo vikae magharibi mwa madarasa, kwa maana kaskazi na kusi zote huja na umashariki ndani yake, na harufu itapelekwa mbali. Zaidi ya hayo jengo la vyoo na stoo upande huo hukinga madarasa na jua la alasiri. Kwa uwiano wa Wizara, choo 1 kwa wasichana 25 na 1 kwa wavulana 30, wasichana 120 wanahitaji 5 na wavulana 120 wanahitaji 4. Kibla kiko kaskazini, hivyo anayechutama atazame mashariki au magharibi. Fundi asiye mwenyeji hupanga milango kwanza na kusahau hilo, na kuvunja sakafu baadaye ni gharama. Pa kutawadhia pawe mbali na vyoo, kwa ajili ya adhuhuri na ya madrasa kama jengo litatumika jioni. Shimo lolote liwe mita 15 kutoka kisimani kwa uchache. Kwenye mchanga tunasisitiza 30, na chumba cha kinyesi kijengwe juu ya ardhi pale maji yalipo karibu.

Paa

Makuti yana ubaridi wake na uzuri wake, lakini yanataka mteremko wa digrii 45, kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na yanashika moto. Mitaa ya makuti ya Lamu imeungua mara nyingi. Kwa madarasa hatuyapendekezi. Yatumike kwa banda moja la wazi, magharibi mwa shule na mbali na mapaa mengine, la kusukia mikeka na kuundia vijahazi vidogo na mafundi wa Matondoni. Madarasa yapewe bati la alumini na zinki juu ya kenchi za mbao zilizotiwa dawa, mteremko wa digrii 15. Bati la kawaida hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Parafujo ziwe za aina inayoendana na bati, maana msumari wa chuma hulila, na chokaa mbichi isiachwe kugusa alumini. Dari ya mbao chini yake hupunguza joto na kelele ya mvua, mradi nafasi ya katikati ipate hewa.

Kabla ya kuchimba msingi

Ndani ya eneo la urithi lazima Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaidhinishe michoro, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006, na kokote kule ripoti ya athari za mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Hati ya ardhi ikaguliwe mapema, hasa kama kiwanja ni wakfu. Vifaa huja kwa mashua kisha punda, kwa hiyo hesabu ya usafirishaji ifanywe kwa mzigo wa punda na kwa maji kujaa. Mawe na boriti viletwe wakati wa kaskazi, chokaa izimwe mapema, msingi uanze masika yakipita, na bati liwe juu kabla ya Machi ya mwaka unaofuata kwisha.

Acha sehemu moja ya ukuta wa kiwanda, mita moja mraba, bila plasta, izungushiwe fremu ya mbao, ili watoto waone jiwe, chokaa na ncha ya boriti vinavyokutana. Na siku ya kukabidhi jengo, kamati ya shule ipewe pia orodha ya kazi za kila mwaka pamoja na bajeti yake: kusafisha mifereji na jabia mwezi wa Machi, kupaka kuta chokaa baada ya mvua za masika, kugonga ncha za boriti kwa nyundo mwezi wa Agosti na kubadilisha yoyote inayolia tupu.